Kwa nini jeshi lako halipiti 200

Wasomaji, leo naiweka PHP kando kidogo. Kuna swali limenikaa kichwani tangu enzi za saiba za hapa Dagoretti Corner, wakati dakika moja ya intaneti ilikuwa shilingi moja, na vijana tulikuwa tukichanga ili tuunganishe mashine nne na kupigana Age of Empires II hadi mwenye saiba aanze kufunga mlango. Swali lenyewe: kwa nini jeshi likifika watu 200 linakataa kuongezeka? Una dhahabu, una chakula, una kambi kumi za kutoa askari, lakini ukibonyeza, mashine inakuambia umefika kikomo. Nani alipanga hivyo, na alikuwa na sababu gani?

Kwa asiyecheza gemu hizi, mambo huwa hivi. Kila mchezaji anaanza na wanakijiji wachache. Wanakata miti, wanalima, wanachimba dhahabu, wanajenga. Baadaye unatoa askari na kwenda kumvamia jirani. Hakuna kupeana zamu, wote mnacheza kwa wakati mmoja, kwa hiyo anayezubaa analiwa. Juu ya skrini kuna namba mbili, kwa mfano 47/75. Ya kwanza ni watu ulio nao, ya pili ni watu unaoruhusiwa. Hiyo ya pili unaipandisha kwa kujenga nyumba, na katika Age of Empires II kila nyumba inabeba watu watano. Lakini juu ya nyumba zote kuna dari, na dari halijengwi. Age of Empires ya kwanza (1997) dari lake lilikuwa 50. Ya pili ilipotoka 1999, dari la kawaida lilikuwa 75, na ukitaka zaidi unachagua kabla ya kuanza, mwisho 200.

Sababu ya kwanza ni ya kifundi, na watu wa kazi yangu wataielewa upesi. Mwaka 2001 Paul Bettner na Mark Terrano, walioandika sehemu ya mtandao ya Age of Empires, walieleza walivyofanya. Mashine waliyoilenga ilikuwa Pentium ya megahezi 90, memori ya megabaiti 16, na modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde. Walipiga hesabu wakaona kwamba kama kila kompyuta ingewatumia wenzake habari za kila mtu (yuko wapi, anatazama wapi, anafanya nini, ameumia kiasi gani), laini ya simu ingejaa wakifika watu 250 wanaotembea katika gemu nzima. Si 250 kwa kila mchezaji, gemu nzima! Basi wakaacha kutuma watu, wakatuma amri peke yake: "wapiga mishale hawa waende pale". Kila kompyuta inapokea amri zilezile na kupiga hesabu zilezile, na matokeo lazima yafanane hadi tarakimu ya mwisho. Ikitofautiana moja tu, gemu inavunjika. Ni kazi safi sana, na mpaka leo gemu nyingi za namna hii zinaifuata.

Lakini hata ukiisha kuiponya laini ya simu, bado kuna prosesa. Kila mtu ndani ya gemu anatafuta njia, anaangalia kama kuna adui karibu, anachorwa. Ukiandika programu kivivu ili kila mmoja amwangalie kila mwenzake, basi ukizidisha watu mara mbili kazi inazidi mara nne. Wachezaji wanane wenye watu 200 kila mmoja ni watu 1,600. Dari, kwa hiyo, lilizaliwa na udhaifu wa mashine.

Halafu dari lenyewe likageuka kuwa sheria ya vita, na hapo ndipo ninapopapenda. Katika Age of Empires II karibu kila kichwa kinahesabiwa moja. Mkulima ni moja, mkuki ni moja, tembo wa vita ni moja. Maana yake ukikaribia 200 hununui tena askari wa bei rahisi, kwa sababu kilichoadimika si dhahabu tena, ni nafasi. Mwenye mikuki 100 na mwenye tembo 100 wametumia nafasi sawa. Ndiyo sababu mwisho wa mchezo unaona watu wenye utajiri wakifanya jambo la ajabu: wanawachagua wanakijiji wao na kubonyeza kitufe cha kufuta. Mzee aliyekukatia kuni saa nzima unamuua mwenyewe ili nafasi yake ichukuliwe na farasi. Nimeona jamaa wakifuta 40 kwa mpigo bila kupepesa macho. Kuna hata taifa moja, Wagothi, ambao zawadi yao ya mwisho wa mchezo ni nafasi 10 juu ya dari la wengine. Kumi tu, na wapinzani wanalalamika!

StarCraft (1998) nayo dari lake ni 200, lakini mizani ni tofauti. Askari wa kawaida wa binadamu anakula nafasi moja, yule mpiganaji wa Protoss mwenye visu vya mwanga anakula mbili, na wale wadudu wadogo wa Zerg wanakula nusu nusu. Hapo mtunzi anakuambia waziwazi kila mmoja ana thamani gani machoni pake. Kwa upande mwingine, Red Alert (1996) haikuwa na nyumba wala mashamba. Ukiwa na hela unatoa vifaru. Matokeo yake tunayajua sote: mtu anajaza vifaru vya aina moja na kuvitupa vyote langoni kwako. Warcraft III (2002) ikaja na kodi. Katika toleo lake la The Frozen Throne (2003), ukiwa chini ya 50 unapata dhahabu yako yote, ukipita 50 unabaki na asilimia 70, ukipita 80 unabaki na asilimia 40, na dari ni 100. Kwa maoni yangu hii ndiyo iliyokaribia ukweli kuliko zote, kwa sababu jeshi kubwa linakuumiza kabla hujafika darini.

Nasema "ukweli" kwa sababu hapa kwetu hesabu hii iliwahi kupigwa na watu halisi, na jina la mtaa huu limo ndani yake.

Karne ya 19 misafara kutoka Mombasa kwenda ndani ilikuwa na mamia ya wapagazi, na mamia ya wapagazi ni mamia ya matumbo. Ukingo huu wa Ukikuyu, kuanzia Ngong hadi Dagoretti, ndipo walipojaza chakula kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai, ambako hapakuwa na mashamba ya kununua nafaka. Oktoba 1890 Frederick Lugard, akiwa katika kazi ya kampuni ya Waingereza ya IBEA, alipatana na Waiyaki wa Hinga akajenga ngome Dagoretti. Haikuwa hapa kwenye makutano ya Barabara ya Ngong na ya Naivasha, ilikuwa upande wa magharibi, lakini jina ni hilohilo. Kwa lugha ya gemu, kampuni ilijenga nyumba ya kuongeza namba ya pili. Haikudumu. Watu wa misafara walichukua chakula kwa nguvu, urafiki ukavunjika, na 1891 ngome ikaachwa, ikachomwa. Kampuni ikajenga nyingine Kabete, Fort Smith. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akafia Kibwezi akiwa njiani kupelekwa pwani.

Hapa kuna tofauti moja ambayo gemu huificha. Ukichoma nyumba za adui katika Age of Empires, au bohari zake katika StarCraft, jeshi lake halipungui hata mtu mmoja. Hawezi kuongeza, basi. Walio hai wanaendelea kupigana wakiwa wameshiba hewa.

Sasa twende 1914. Vita vya dunia vilipoanza, KAR, jeshi la Waingereza la makoloni haya, lilikuwa na batalioni tatu. Lilipofika 1918 lilikuwa na batalioni 22. Walipambana na Lettow-Vorbeck na askari wake, nchi yote ya Tanganyika hadi Msumbiji. Reli zilikuwa mbili tatu, malori yalizama matopeni, na farasi, nyumbu na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Kikabaki kichwa cha mtu.

Nimeandika programu fupi kuona maana yake, mistari kama 20 hivi. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 na anakula kilo moja kwa siku, na askari naye kilo moja. Jeshi ni askari 1,000, na kinachobebwa ni chakula tu, bila risasi wala dawa. Kama jeshi liko umbali wa siku tano kutoka bohari, mpagazi anakula kilo 10 kwenda na kurudi, anafikisha 15. Unahitaji wapagazi 670 hivi njiani wakati wote. Jeshi likisonga hadi siku 10, anakula 20, anafikisha tano. Sasa unahitaji wapagazi 4,000. Likisonga hadi siku 12, anafikisha kilo moja tu, na unahitaji wapagazi 24,000 kulisha watu 1,000. Siku ya 13 hesabu inakataa kabisa: mzigo wote unaliwa njiani, hata ukileta wapagazi milioni.

Hilo ndilo dari halisi. Halikai kwenye 200, linakaa kwenye umbali. Bila shaka vita halisi vilikuwa na bohari za kati, mito, reli na ng'ombe wa kuporwa, lakini umbo la hesabu ni hilo.

Jenerali aliye kwenye siku ya 10 ana njia mbili: arudi nyuma, au aongeze watu. Waliongeza watu. Sheria ya 1915 iliruhusu wanaume wa Kenya ya leo wachukuliwe kwa lazima, na 1917, chini ya John Ainsworth, walikusanywa zaidi ya 100,000 katika miezi michache. Kikosi cha wapagazi kilichoongozwa na Oscar Watkins kiliitwa Carrier Corps, na midomo ya watu ikakifanya Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Kwa upande wote wa Waingereza, wanahistoria wengi wanataja karibu watu milioni moja waliopita katika kazi hiyo. Risasi hazikuwaua sana. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, na unga wa mahindi ulioliwa haujaiva, kwa sababu hapakuwa na sufuria za kutosha wala muda. Wajerumani nao walikokota wapagazi wao, na majeshi yote mawili yaliponyakua nafaka na ng'ombe wa Ugogo, ikafuata njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya.

Hesabu rasmi ya Waingereza ya wapagazi waliokufa ni kama 95,000, na wengi walioichunguza wanaona ni ndogo. Mnara uliofunguliwa 1928, ulio Kenyatta Avenue, una sanamu ya mpagazi pembeni ya askari, lakini majina ya wapagazi hayamo. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu yake yenyewe. Ilikiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika vita hivyo, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Fikiria: watunzi wa Age of Empires, kwa sababu ya modemu na megabaiti 16, walilazimika kumhesabu mkata kuni sawasawa na mpanda farasi. Mkata kuni akifa, namba ya kwanza juu ya skrini inashuka kwa moja, na unaiona. Ofisi zilizoendesha vita vya kweli hapa hazikuwa na namba ya namna hiyo. Askari walikuwa na rejista. Mpagazi, mara nyingi, alikuwa mzigo unaotembea.

Kwa hiyo nimeanza gemu yangu ndogo, jioni jioni, nikitoka kazini. Haina dari. Ina ramani kutoka Voi hadi Rufiji, bohari, mvua, na umbali. Unaruhusiwa kuongeza jeshi utakavyo, ila kila mpagazi ana rekodi yake: jina, alikotoka, siku aliyochukuliwa. Akifa rekodi haifutwi, inabadilishwa hali tu, na mchezaji anaweza kuifungua wakati wowote. Rafiki mmoja mpenda kubana memori aliniuliza kama si ufujaji. Rekodi milioni moja za baiti 64 ni megabaiti 64. Hata simu janja za Luthuli Avenue za bei ya chini kabisa zinabeba hiyo.

Kinachonisumbua kwa sasa ni kutafuta njia. Wapagazi 4,000 wakifika kivukoni Rufiji kwa pamoja, wote wanataka daraja lilelile, na prosesa inapumua kwa shida. Wiki ijayo nitajaribu kuwapanga kwa makundi ya hamsini hamsini, kiongozi mmoja atafute njia na wengine wamfuate.