Betri Ikichoka, Nani Hulipa? Historia Fupi ya Gari la Umeme

Kwa muda mrefu hapa tumekuwa tukizungumza programu na kompyuta, lakini leo tutoke kidogo barabarani. Tangu nianze kwenda kazini kwa gari la umeme la mtumba, swali ninaloulizwa zaidi halihusu mwendo wala bei ya stima. Jirani, bawabu wa ofisini, fundi wa magurudumu, wote huuliza jambo lile lile: "Na hiyo betri ikifa?"

Ni swali zuri. Nimelifuatilia nikakuta lina umri wa zaidi ya miaka 120. Mota ya umeme haina shida nyingi. Sehemu zake zinazosogea ni chache, haina oili ya kubadilisha wala plagi za kuwasha moto. Kinachochakaa ni betri, na betri ndiyo ghali. Kwa hiyo kila aliyeingia katika biashara hii alilazimika kujibu: hasara ya kuchakaa kwa betri itabebwa na nani? Historia yote ya gari la umeme unaweza kuisoma kupitia majibu ya swali hilo.

Tuanzie mwanzo. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi, ya kwanza ambayo nguvu zikiisha unaweza kuichaji tena. Fungua boneti ya matatu yoyote leo, utamkuta mjukuu wake hapo. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Gustave Trouvé, aliendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa umeme mjini Paris. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy akawa mtu wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa katika gari la barabarani, na gari lake lilikuwa la umeme. Sensa ya viwanda ya Marekani ya 1900 ilihesabu magari 4,192 yaliyotengenezwa nchini humo: 1,681 ya mvuke, 1,575 ya umeme na 936 tu ya petroli. Basi mtu akikuambia gari la umeme ni mambo ya juzi, mpe hesabu hiyo.

Jibu la kwanza kwa swali letu lilitoka New York. Mwaka 1897 kampuni moja ilianza na teksi za umeme kama dazani moja. Betri za risasi zilikuwa nzito na zilichukua saa nyingi kujaa, kwa hiyo teksi iliingia kituoni, betri tupu ikavutwa nje kwa mashine na iliyojaa ikaingizwa. Gari na betri vyote vilikuwa mali ya kampuni. Abiria alilipa nauli akaenda zake. Kampuni iliyorithi biashara hiyo, Electric Vehicle Company, ikakimbilia kufungua matawi katika miji mingine, na mwaka 1907 ikafilisika. Hasara yote ilikuwa imekaa mahali pamoja.

Jibu la pili ndilo lililonishangaza zaidi. Katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, shirika la umeme la huko, Hartford Electric Light Company, liliuza huduma ya betri kwa wenye malori kati ya 1910 na 1924. Ulinunua lori bila betri. Betri ilikuwa ya shirika. Wewe ulilipa ada ya kila mwezi, na juu yake malipo kwa kila maili uliyotembea. Betri ikiisha chaji, unabadilishiwa. Ikichakaa, si kazi yako. Malori hayo yalitembea zaidi ya maili milioni 6, yaani karibu kilomita milioni 10. Mwenye lori alijua gharama yake kwa kila maili, na hatari ilibebwa na shirika ambalo lilikuwa na mafundi, mitambo na stima ya kuuza.

Jibu la tatu lilikuwa la Thomas Edison: tengeneza betri isiyochakaa. Alichagua nikeli na chuma badala ya risasi. Toleo lake la kwanza, lililoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1900, lilivuja na kupoteza nguvu, akasimamisha utengenezaji na kurudi maabara kwa miaka kadhaa. Ilipokamilika ilikuwa ngumu kweli kweli, lakini angalia bei. Kati ya 1911 na 1916 mnunuzi wa gari la Detroit Electric aliyetaka betri ya Edison aliongeza dola 600. Mwaka 1914 Ford Model T, gari zima, uliipata kwa chini ya dola 600. Betri isiyochakaa ilikuwapo, ila ilimpasa mnunuzi kulipia uchakavu wote siku ya kwanza.

Wakati huo huo petroli ilikuwa ikiondoa kasoro zake. Mwaka 1912 Cadillac ilitoka na stata ya umeme ya Charles Kettering, na watu wakaachana na kuzungusha injini kwa mkono, kazi iliyokuwa ikivunja mikono ya wengi. Kuna kejeli hapo: betri ndogo ya kuwashia injini ndiyo iliyosaidia kuizika betri kubwa ya kuendeshea gari.

Sasa tuhamie Japani, maana huko ndiko gari langu lilikotoka. Baada ya Vita Vikuu vya Pili petroli ilikuwa adimu, lakini umeme wa mabwawa ulikuwapo. Mwaka 1947 wahandisi waliokuwa wakitengeneza ndege walitoa gari dogo la umeme liitwalo Tama. Lilikwenda kilomita 35 kwa saa na kufika karibu kilomita 96 kwa chaji moja. Betri zake za risasi zilikaa katika masanduku sakafuni, pande zote mbili, ukizivuta na kuingiza nyingine. Yale yale ya New York. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950 bei ya risasi ikapanda, petroli ikarudi, na Tama ikaisha. Kampuni yake baadaye ikaitwa Prince, na mwaka 1966 ikaungana na Nissan.

Kilichobadilisha mambo ni lithiamu. Stanley Whittingham akiwa Exxon miaka ya 1970, John Goodenough akiwa Oxford mwaka 1980, na Akira Yoshino huko Japani mwaka 1985, kila mmoja aliongeza kipande chake. Sony iliingiza betri hiyo sokoni mwaka 1991, na watatu hao wakapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Simu yako inaishi kwa kazi yao.

Desemba 2010 Nissan ikaanza kuuza Leaf, yenye betri ya kilowati-saa 24. Kwa lugha ya tokeni, hizo ni uniti 24. Nissan haikuweka mfumo wa maji wa kupoza betri. Joto hutoka lenyewe. Dashibodi ina vistari 12 vya afya ya betri, mbali na vile vya chaji. Mwaka 2012 wenye Leaf katika jimbo la Arizona, ambako kiangazi hupita nyuzi 40, waliona vistari vikizimika mapema mno. Walipolalamika, Nissan ilitangaza mwezi Desemba mwaka huo dhamana ya betri: ikishuka chini ya vistari 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, itatengenezwa. Kwa mara nyingine kampuni ilikubali kubeba uchakavu, lakini kwa miaka mitano tu.

Hebu simama hapo uhesabu pamoja nami. Miaka mitano imeisha, mwenye gari wa Japani anaona vistari vimepungua na dhamana imekwisha. Anauza. Bei imeanguka. Gari linapanda meli kuja Mombasa, na linaruhusiwa kuingia mradi halijazidi miaka minane. Tangu 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme uliteremshwa hapa Kenya kutoka asilimia 20 hadi 10. Kwa hiyo swali la Hartford sasa lina jibu jipya: uchakavu unabebwa na mnunuzi wa pili, mtu kama mimi, asiye na dhamana yoyote. Punguzo nililopata ndilo malipo yangu ya kuubeba.

Je, punguzo hilo linatosha? Hapo ndipo namba husaidia. Nilinunua Leaf ya 2014 mwaka 2021. Kuna kifaa kidogo unachochomeka chini ya usukani kikaongea na programu ya simu, na hukupa afya ya betri kwa asilimia. Siku ya kwanza ilisoma asilimia 80. Nimekuwa nikiandika namba hiyo kila mwezi katika lahajedwali. Miaka minne baadaye ilisoma 69.

Asilimia 69 ya uniti 24 ni kama 16 na nusu. Ukiacha akiba ya mwisho ambayo gari halikuruhusu kuigusa, zinabaki kama 15. Natoka Kikuyu kwenda Upper Hill na kurudi, kilomita 42, na hutumia uniti 6 na nusu hivi. Kutoka kwenye mita zinatoka 7 na nusu, kwa kuwa nyingine hupotea kama joto wakati wa kuchaji. Asubuhi nateremka mita kama 300, na breki zinarudisha umeme kwenye betri. Jioni naurudisha wote kwa kupanda. Ukiinua gari la kilo 1,600 mita 300 unatumia uniti 1.3, hata uendeshe kwa upole namna gani. Nani alisema fizikia ya sekondari haina kazi?

Maana yake ni kwamba betri hii ikishuka hadi asilimia 50 bado itanifikisha kazini na kunirudisha. Kwa Mjapani aliyetaka kwenda mji mwingine ilikuwa imechoka. Kwa safari yangu ina miaka ya kazi mbele yake. "Betri imekufa" ni hesabu ya safari ya mtu, na kila mtu aifanye kwa safari yake.

Hali ya hewa nayo hutupendelea sisi wa nyanda za juu. Arizona iliua betri kwa joto. Kikuyu usiku unavaa sweta. Ningekuwa Mombasa au Garissa ningefanya hesabu kali zaidi.

Kuhusu kuchaji, neno moja la tahadhari. Kebo zinazokuja na magari haya ni za volti 200 za Kijapani na plagi zao haziingii hapa. Usichukue adapta ya barabarani na ekstensheni ukalala. Soketi ya kawaida haikukusudiwa kubeba mzigo mkubwa kwa saa tatu mfululizo kila usiku. Inapata moto, na moto huo huanzia ndani ya ukuta. Mimi nilimwita fundi wa stima avute waya wake peke yake kutoka kwenye sanduku la fyuzi, na swichi yake ya kukata umeme. Nachaji usiku, na siendi mpaka asilimia 100 kama hakuna safari ndefu, maana betri ya lithiamu haipendi kukaa imejaa.

Sasa kuna jambo linaloningoja. Mwenzangu kazini ameniomba nimdhamini katika sacco, mkopo wa miezi 36, anunue Leaf kama yangu. Akishindwa, mimi ndiye nitakayekatwa. Anaishi Kitengela, safari yake ni kilomita 70 kwenda na kurudi, na gari alilolipenda lina vistari 8. Nimemfanyia hesabu ile ile: uniti kama 14 zikipatikana, na yeye atahitaji karibu 11 kila siku. Leo atafika. Mwaka wa pili wa mkopo, siku ya mvua na msongamano, huenda asifike. Nimemwambia nitatia sahihi akipata lenye vistari 11, au akipata mahali pa kuchajia ofisini. Amenuna kidogo, lakini tunaongea.

Wakati huo huo angalia mjini. Nairobi kuna mabasi ya umeme yanayouzwa bila gharama ya betri, mwenye basi akilipia betri na chaji kwa kila kilomita. Kuna bodaboda zinazobadilishiwa betri kituoni kwa dakika chache. Magazeti huandika kama uvumbuzi. Ni Hartford ya 1910, safari hii ikiwa na lithiamu ndani na malipo ya simu. Na nadhani inafaa, kwa sababu mwenye bodaboda hana lahajedwali wala muda wa kukisia betri itadumu lini.

Sisi wa magari madogo bado tunakisia wenyewe. Mwaka 2018 kiwanda kilifunguliwa Namie, Fukushima, cha kukarabati betri kuukuu za Leaf kwa kuchanganya vipande vilivyo vizima. Kazi kama hiyo mafundi wetu wanaiweza wakipata vifaa na mafunzo ya usalama, maana betri hiyo ina volti zaidi ya 350 na haisamehe.

Haya, ni hayo kwa leo. Kama unaendesha gari la aina hii, niandikie mwaka wake, asilimia ya betri na mji unaokaa. Zikifika namba za kutosha nitachora grafu, tuone Mombasa na Eldoret zinatofautiana kiasi gani.