RANGI ISIYOCHUJA: UZURI WA FILAMU ZA RANGI ZA HOLLYWOOD NA SABABU ZA KUDUMU KWAKE

Utangulizi

Anayenunua kitenge sokoni huuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: je, kitachuja? Uzuri wa kitambaa hauamuliwi siku kinapokunjuliwa mbele ya mnunuzi, bali baada ya kufuliwa na kuanikwa juani mara nyingi. Swali hilohilo laweza kuulizwa kuhusu sinema. Miongoni mwa filamu za rangi zilizotengenezwa katika karne ya 20, zimo zilizopauka na kubakia na wekundu hafifu kabla ya kutimiza miaka 30; na zimo nyingine, za zamani kuliko hizo, ambazo nakala zake zingali zikiwaka kama siku zilipotoka kiwandani. Hizi za pili ni zile zilizochapwa kwa utaratibu wa Technicolor, uliotawala filamu za rangi za Hollywood tangu mwaka 1935 hadi katikati ya miaka ya 1950.

Makala haya yanachunguza asili ya uzuri huo na sababu za kudumu kwake. Hoja inayotetewa ni kwamba uzuri wa filamu hizo haukuwa tunu ya jua la California wala ya nyuso za waigizaji peke yake. Ulikuwa kazi ya watia rangi, iliyofuata kanuni za ufundi na za biashara. Kwa sababu hiyo ulidumu. Na kwa sababu hiyohiyo, ulidumu pamoja na mipaka ya macho ya wale walioutengeneza.

Kutoka rangi mbili hadi rangi tatu

Kampuni ya Technicolor iliundwa Marekani mnamo mwaka 1915 na Herbert Kalmus, Daniel Comstock na W. Burton Wescott. Silabi ya kwanza ya jina lake ilikumbusha Massachusetts Institute of Technology, chuo walikosoma Kalmus na Comstock. Filamu yao ya kwanza, The Gulf Between (1917), ilihitaji projekta ya namna ya pekee pamoja na fundi stadi wa kuzioanisha picha mbili juu ya pazia, biashara haikwenda. Mnamo mwaka 1922 ilitoka The Toll of the Sea, aliyoigiza Anna May Wong, ambamo rangi zilikuwa tayari ndani ya mkanda wenyewe, hata ukaweza kuonyeshwa katika ukumbi wowote. Lakini mkanda huo ulikuwa wa tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, nao ulijikunja kwa joto la taa. Aidha, rangi za msingi zilikuwa mbili tu, za jamii ya wekundu na ya ukijani. Buluu ya mbingu na manjano ya kweli hazikupatikana.

Ufumbuzi ulikuja mwaka 1932, kamera ya rangi tatu ilipokamilika. Aliyethubutu kuitumia kwanza alikuwa Walt Disney, katika filamu fupi ya katuni iitwayo Flowers and Trees. Katuni hiyo ilikuwa imekwisha kuanzwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, ikarudiwa upya kwa rangi, nayo ikapata tuzo ya kwanza ya Oscar kutolewa kwa filamu fupi ya katuni. Mwaka 1935 ikafuata Becky Sharp ya mwongozaji Rouben Mamoulian, filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote kwa rangi tatu. Miaka minne baadaye, The Wizard of Oz na Gone with the Wind zilitoka katika mwaka mmoja, na tangu hapo rangi haikuweza tena kuitwa mchezo wa kupita.

Picha inayopigwa chapa kama kitenge

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba ndani ya kamera ya Technicolor hamkuwa na rangi hata chembe. Nyuma ya lenzi ilikuwapo prizimu iliyougawa mwanga, na mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe ilipita kwa wakati mmoja: mmoja ulipokea ujumbe wa wekundu, wa pili wa ukijani, wa tatu wa ubuluu. Kila mkanda ulihifadhi, kwa madini ya fedha, kiasi cha mwanga wa aina yake tu.

Rangi zilikuja baadaye, kiwandani. Kutokana na kila negativi ulitengenezwa mkanda wa chapa wenye utando wa jelatini, mzito mahali pengine na mwembamba pengine, kama mihuri inavyokuwa na matuta na mabonde. Mkanda huo wa chapa ulichovywa katika rangi yake, ama buluu ya kijani, ama waridi iliyokoza, ama manjano, kisha ukakandamizwa juu ya mkanda mtupu ili uunywe rangi hiyo. Kazi ilirudiwa mara tatu, rangi moja baada ya nyingine, kila moja mahali pake barabara. Ndivyo wafanyavyo mafundi wa vitenge: rangi ya pili ikikosa nafasi yake kwa upana wa unywele, ua zima huharibika.

Katika utaratibu huo ndimo ilimo siri ya kudumu. Katika mikanda ya rangi iliyokuja baadaye, rangi huzaliwa ndani ya mkanda kwa njia ya kemikali wakati wa kusafishwa, na mkemia analazimika kutumia zile tu zinazokubali kuzaliwa hivyo. Kwa Technicolor, rangi zilichaguliwa nje, kama mtia nguo rangi anavyochagua. Basi zilichaguliwa zilizoiva na zisizochuja upesi. Tena, hata nakala zote zikiteketea, zilibaki negativi tatu za nyeusi na nyeupe, ambazo hazikuwa na rangi ya kupauka.

Rangi kama lugha

Kamera hizo hazikuuzwa. Studio ilizikodi pamoja na mafundi wake, na pamoja nao ilimpokea mshauri wa rangi. Aliyeiongoza idara hiyo alikuwa Natalie Kalmus, aliyewahi kuwa mke wa Herbert Kalmus, na jina lake linaonekana katika karibu filamu zote za Technicolor za Marekani hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Katika makala yake ya mwaka 1935 alisisitiza kwamba rangi ni lugha ya hisia, na kwamba wingi wa rangi kali huchosha jicho kama kelele inavyochosha sikio. Waongozaji wengi walimnung'unikia. Hata hivyo, nidhamu hiyo ilizaa ufasaha.

Mifano ni mingi. Katika Becky Sharp, habari za vita vya Waterloo zinapoingia katika dansi, wageni wanakimbia kwa utaratibu wa rangi zao, hadi nyekundu ya majoho ya maofisa inapolijaza pazia lote. Katika riwaya ya L. Frank Baum ya mwaka 1900, viatu vya msichana Dorothy ni vya fedha. Kwa ajili ya filamu ya The Wizard of Oz viligeuzwa vyekundu, kwa sababu fedha isingesema kitu juu ya njia ya matofali ya manjano. Katika Gone with the Wind, Scarlett aliyefilisika anashona gauni la kijani kwa mapazia ya mahameli, na baadaye, anaposhukiwa uzinzi, mumewe anamlazimisha kwenda karamuni akiwa amevaa nyekundu. Mtazamaji asiyesikia neno la Kiingereza anaielewa fedheha hiyo.

Hata weupe ulikuwa wa kutengenezwa. Kwa kuwa nguo nyeupe kabisa ilimeremeta kupita kiasi mbele ya kamera, mashati na shuka yalitiwa kijivu au rangi ya chai hafifu ili yaonekane meupe. Uasilia uliosifiwa ulikuwa, kwa hakika, usanii.

Urembo na waliobakizwa kando

Mikanda mitatu ilihitaji mwanga mwingi mno. Joto la taa katika studio lilikuwa la kutesa, na waigizaji waliovaa mavazi mazito walitota jasho. Vipodozi vya zamani viling'aa vibaya katika mwanga huo; kwa hiyo kampuni ya Max Factor ilibuni podari mpya iitwayo Pan-Cake, iliyoanza kutumika katika filamu ya Vogues of 1938, iliyotoka mwaka 1937, na punde si punde ikauzwa kwa wanawake wa kawaida madukani. Ndipo ulipoenea ule mng'ao uliowapa sifa Rita Hayworth, Gene Tierney na Maureen O'Hara, ambaye magazeti yalimwita malkia wa Technicolor.

Lakini hapana budi kuuliza: urembo huo uliwekwa kwa ajili ya ngozi ya nani? Wabunifu wa taa na podari waliifanya ngozi nyeupe kuwa kipimo chao. Hattie McDaniel aliigiza katika Gone with the Wind, lakini filamu ilipozinduliwa Atlanta mnamo Desemba 1939, yeye na waigizaji wenzake weusi hawakuwapo, kwa kuwa ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria ya mji huo. Mwaka 1940 alikuwa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, na usiku huo aliketishwa kwenye meza ya kando. Lena Horne, mwimbaji aliyependeza mbele ya kamera kuliko wengi, aliwekwa katika filamu kama Thousands Cheer (1943) kwa namna ambayo sehemu yake iliweza kukatwa pasipo kuharibu hadithi, ili wenye kumbi za kusini wasikasirike. Kwa hiyo neno rangi lilikuwa na maana mbili Hollywood, na ya pili iliiwekea mipaka ya kwanza.

Mto Ruiki, 1951

Historia hiyo inagusa Kongo moja kwa moja. Mnamo mwaka 1951 mwongozaji John Huston alikuja kupiga filamu ya The African Queen, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Ilikuwa kazi ya pamoja ya Waingereza na Wamarekani, na mpiga picha mkuu alikuwa Mwingereza Jack Cardiff, aliyekwisha kupata tuzo ya Oscar kwa rangi za Black Narcissus (1947). Msafara ulipitia Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, na Ponthierville, yaani Ubundu, ukapiga kambi Biondo, karibu na mto Ruiki. Baadaye ulihamia Uganda, kwenye Ziwa Albert, na sehemu nyingine za filamu zikamalizikia katika studio za London.

Kamera nzito iliyozoea sakafu ya studio iliwekwa sasa juu ya vyelezo vilivyofungwa pamoja na kukokotwa mtoni, huku taa na jenereta zikifuata nyuma. Watu wengi wa msafara waliugua. Hata hivyo, ukijani wa msitu na weusi wa maji ya Ruiki vilipokewa na mikanda mitatu ileile iliyopokea viatu vya Dorothy. Bogart alipata Oscar yake ya pekee kwa filamu hiyo.

Kambi hiyo isingesimama pasipo mikono ya wenyeji waliobeba mizigo, waliojenga vibanda na waliopiga makasia. Majina yao hayamo katika orodha inayoonekana kwenye pazia. Zaidi ya hayo, chini ya utawala wa Kibelgiji Mwafrika hakuwa huru kutazama filamu aitakayo. Alionyeshwa zile tu zilizopitishwa kwa ajili yake.

Kuchuja na kuokolewa

Mwaka 1950 kampuni ya Eastman Kodak ilileta mkanda mmoja wenye rangi zote tatu, uliotumika katika kamera yoyote. Kwa mwenye studio, hesabu ilikuwa rahisi. Filamu ndefu ya mwisho ya Marekani kupigwa kwa mikanda mitatu ilikuwa Foxfire, iliyotoka mwaka 1955. Uchapaji wa rangi kwa chapa uliendelea hadi The Godfather Part II (1974), kisha mitambo ya Hollywood ikasimamishwa. Mitambo ya namna hiyo ilibaki ikifanya kazi Beijing, ambako ilichapa Ju Dou (1990) ya Zhang Yimou, filamu ambayo hadithi yake, kwa sadfa njema, inatokea katika kiwanda cha kutia vitambaa rangi.

Hasara ilidhihirika polepole. Katika mikanda mipya buluu ya kijani ilitoweka kwanza, na nyuso, miti na bahari vyote vikageuka waridi. Mwaka 1980 mwongozaji Martin Scorsese aliongoza malalamiko ya wasanii dhidi ya mikanda inayochuja, na miaka michache baadaye ikatolewa mikanda yenye kustahimili zaidi. Lakini hata negativi za zamani hazikuwa salama. Baadhi ya studio zilizitupa ili kupunguza gharama za ghala. Na moto wa mwaka 1978 huko Rochester uliteketeza negativi za Singin' in the Rain (1952).

Zilizosalia zimeokolewa kwa msaada wa kompyuta. Kwa kuwa mikanda mitatu husinyaa kwa viwango tofauti, picha zake huacha kuoana. Kompyuta huzilinganisha upya, hata mtazamaji wa leo huona uzi wa nguo ambao mtazamaji wa mwaka 1939 hakuuona. Negativi za The African Queen zilipitia kazi hiyo, na filamu ikatoka upya mwaka 2010.

Hitimisho

Imeonekana kwamba rangi za Technicolor zilidumu kwa sababu mbili: zilichaguliwa kama rangi za nguo, na asili yake ilihifadhiwa katika mikanda isiyo na rangi. Imeonekana pia kwamba ufundi huo ulihifadhi kile tu ambacho wenye kamera walitaka kukiona. Ukijani wa Ruiki wa mwaka 1951 ungalipo, mbichi kama jana. Majina ya waliovivuta vyelezo hayakuingia katika negativi yoyote. Yakiwapo, yamo katika masimulizi ya familia za Biondo na Ubundu, na masimulizi hayo hayana nakala. Mtafiti wa Kiswahili, ambacho ni lugha ya wengi katika eneo hilo, anayo nafasi ya kuyakusanya kabla hayajachuja.