Tufani ya Unguja na Walioilipia

Kila mwalimu wa historia nchini mwetu anaujua mwaka 1873, maana ndio mwaka ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Mwaka uliotangulia, 1872, hutajwa kwa sentensi moja na kuachwa. Katika miaka niliyoitumia kuwaandaa walimu nilifikia kuamini kwamba mwaka huu wa pili ndio unaoufafanua ule wa kwanza, na kwamba anayetaka kujua msiba hufanya nini katika jamii hana budi kuutazama kwa makini.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Sisi tunaoishi huku Manyamanyama, karibu na Ziwa, tunaijua chamchela, ule upepo wa kiangazi unaoinua vumbi na majani na kuzunguka kama pia, kisha ukatoweka. Tunazijua pia dhoruba za mvua zinazoezua mabati ya darasa zima. Tufani ni jambo jingine. Huzaliwa juu ya bahari yenye joto, upana wake hufika mamia ya kilomita, na huzungushwa na mwendo wa dunia yenyewe. Karibu na ikweta msukumo huo wa dunia ni hafifu mno, na ndiyo sababu pwani yetu hupona mara nyingi wakati Madagaska na Msumbiji zinaumia. Lindi, iliyo nyuzi 10 kusini ya ikweta, ilipigwa Aprili 1952. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Unguja iko nyuzi 6 tu, na kwa hiyo wenyeji wake walikuwa na kila sababu ya kujiona salama.

Tarehe 15 Aprili 1872 usalama huo ulikwisha. Sultani Barghash bin Said alikuwa hajatimiza miaka miwili tangu akalie kiti. Tufani ilizikuta meli zake bandarini pamoja na majahazi ya wafanyabiashara, ikazizamisha nyingine na kuzitupa nyingine ufukweni. Nyumba zilibomoka. Lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa mashambani. Inakadiriwa kwamba theluthi mbili au zaidi ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangushwa. Pemba, iliyo ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari upande wa kaskazini, ilinusurika kwa sehemu kubwa.

Mtu anaweza kusema kwamba mti ukianguka hupandwa mwingine. Mkarafuu hauendi hivyo. Mti huu, ambao asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa, na mingi zaidi kabla ya kuzaa sawasawa. Wakati huo wote lazima upaliliwe. Karafuu zilipoadimika bei ilipanda, na wenye ardhi Pemba wakaona mlango wa utajiri umefunguka. Walipanua mashamba yao upesi, na tangu hapo Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu hadi leo. Unguja nako ikabidi kupanda upya. Kote kuwili ilihitajika mikono, na mikono iliyotumika ilikuwa ya watumwa.

Hapo ndipo 1872 inapokutana na 1873. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alifika Unguja Januari 1873 akitaka biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikomeshwe. Barghash alikataa, na miongoni mwa hoja zake ilikuwamo tufani: watu wake walikuwa wamekwisha kufilisika. Waingereza wakatishia kuifunga bandari kwa manowari, naye akatia sahihi tarehe 5 Juni 1873. Soko likafungwa. Mahali pake likajengwa kanisa kuu la Waanglikana, ambalo lipo mpaka sasa.

Mkataba ulifunga bahari, lakini haukuondoa haja ya mikono kule Pemba. Basi misafara iliyokuwa ikipakiwa majahazini Kilwa ikageuzwa kutembea kwa miguu, kuifuata pwani kuelekea kaskazini mpaka Pangani na pande zake, na kutoka huko watu wakavushwa kwa siri kwenda Pemba. Ni mwendo wa mamia ya kilomita, juani na mvuani, kwa watu ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kutembea kutoka pande za Ziwa Nyasa. Barghash aliipiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Utumwa wenyewe ulinyimwa nguvu ya sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, miaka 25 baada ya tufani.

Nimeulizwa na wanafunzi kama tufani ilisaidia kuumaliza utumwa, kwa kuwa ilimdhoofisha Sultani mbele ya Waingereza. Ni swali zuri, na sehemu ya jibu ni ndiyo, kwani mtawala aliyepoteza meli na mapato hana la kuwajibu wenye manowari. Lakini ukimfuata mtu mmoja aliyetekwa bara mwaka 1874, utaona kwamba kwake tufani ile ilirefusha njia na kuongeza kazi. Upepo uliangusha miti ya matajiri, na gharama ya kuisimamisha tena ikatolewa migongoni mwa watu ambao siku ile ya Aprili hata bahari walikuwa hawajaiona.

Sultani alipata meli nyingine, iliyoitwa Glasgow, iliyojengwa Uskoti mwaka 1878, ambayo Waingereza waliizamisha kwa mizinga mwaka 1896. Jina la meli hiyo limo vitabuni. Majina ya wale waliochimba mashimo ya miche Pemba hayamo, ingawa baadhi ya mikarafuu waliyoipanda iliendelea kuchumwa muda mrefu baada ya wao kuzikwa.