Si kila kejeli ni utani

KISWAHILI kina maneno chungu nzima ya kutaja yale yanayotuchekesha: mzaha, masihara, dhihaka, kejeli, stihizai, utani. Siku hizi tunayakoroga yote katika chungu kimoja na kuyaita utani. Mtu hulitusi kabila zima hadharani, kisha akibanwa hujitetea, "Aa, nilikuwa natania tu!" Hoja yangu leo ni kwamba historia ya neno hilo haimpi kinga anayoitafuta.

Hebu tuanze na maneno yenyewe. Mzaha na dhihaka yana asili ya Kiarabu. Katika Kiarabu, mzizi wa dhihaka unahusu kucheka tu. Ulipoingia katika Kiswahili ukapata makali: anayedhihaki humcheka mtu ili kumshusha hadhi. Mzaha ulibaki mwepesi, ingawa wahenga walituonya kuwa mzaha mzaha hutumbua usaha.

Utani nao, kwa asili, ni uhusiano. Huwezi kumtania yeyote unayekutana naye njiani. Sharti awe mtani wako. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na hakuna anayeshtuka. Kule Tanganyika uhusiano huo ulivuka ukoo ukaunganisha makabila. Wapagazi wa Kinyamwezi waliosafiri na misafara kati ya Tabora na pwani katika karne ya 19 walihitaji wenyeji wa kuwapokea njiani, na utani ukawa mlango wa kupokelewa. Hata makabila yaliyowahi kupigana yalikuja kuwa watani.

Wataalamu waliliona hili mapema. Mwaka wa 1940, mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alieleza kwamba katika uhusiano wa aina hii mtu ana ruhusa, na wakati mwingine wajibu, wa kumkejeli mwenzake, naye mwenzake hatakiwi kukasirika. Miaka hiyo hiyo Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, kule Usambara, aliandika kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika.

Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na gharama yake. Mtani alipofiwa, wewe uliyezoea kumcheka ndiwe uliyeshika jembe kuchimba kaburi. Ndiwe pia uliyeiga mwendo na sauti ya marehemu hadi wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka.

Sisi Wakenya je? Kundi la Redykyulass lilipomwiga Rais Moi akiwa bado madarakani, hiyo ilikuwa tashtiti: mnyonge kumcheka mwenye nguvu. Naye marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa "Vitimbi", alitumia lafudhi ya Kijaluo ilhali yeye mwenyewe hakuwa Mjaluo. Nionavyo mimi, alipendwa kwa sababu Ojwang' alikuwa mtu kamili, mwenye mke, majirani na vituko vyake. Hakuwa kibandiko cha kubandikwa kabila.

Baada ya ghasia za 2007/2008, hatuwezi kujidanganya ati maneno hayaumizi. Kwa hivyo, ndugu yangu unayesema unatania, nina maswali mawili tu. Je, unayemcheka ana ruhusa ya kukurudishia? Na akifiwa kesho, utakwenda kumsaidia kuchimba kaburi? Kama jibu ni la, tafuta neno jingine. Kiswahili kinayo tele.