Vyumba Sita vya Kariakoo

Ghorofa zote hizi mnazoziona Kariakoo zimekaa kwenye viwanja vya nyumba za udongo. Wajerumani walipanga kupageuza kuwa mji wa Waafrika, Vita Kuu ya Kwanza ikawakuta. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwaka 1916 wakaweka hapo kambi ya wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps, jina likaganda. Vita ilipokwisha wakagawa viwanja, na kati yetu na Uhindini wakaacha uwazi wa Mnazi Mmoja ili rangi zisikaribiane. Viwanja vilikuwa vidogo, vya kutosha nyumba moja ya vyumba sita.

Nimezaliwa katika nyumba ya namna hiyo, Mtaa wa Narung'ombe, kwa bibi mzaa mama. Fito za mikoko, udongo, na mabati juu yaliyochukua nafasi ya makuti. Korido imekata katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku. Mbele baraza, nyuma uani penye jiko na choo. Bibi alilala chumba cha mbele kushoto, dirisha likitazama barazani, asipitwe na mtu. Vitano alipangisha, kimoja kwa fundi cherehani. Mpangaji akichelewesha kodi, bibi hakumgongea mlango. Alikwenda uani kuosha vyombo na kuzungumza na masufuria kwa sauti, mpaka fundi cherehani wa watu atoke mwenyewe na noti mkononi. Watu hudhani mwenye nyumba wa Kariakoo ni mzee mwenye kanzu. Wanawake waliokuwa na nyumba zao wenyewe hawakuwa wachache.

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, New Street, leo Lumumba, jirani tu. Bibi Titi Mohamed na wenzake wa vikundi vya ngoma ndio waliopeleka habari kwa akina mama, uani hadi uani.

Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Nyumba ya bibi haikukaribia huko, ikapona. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akafungua soko jipya lililochorwa na Beda Amuli, lile la miamvuli ya zege, lenye soko la Shimoni chini. Kwangu hakuna jengo zuri kulishinda Dar nzima, hata baada ya moto wa Julai 2021.

Kilichozimaliza nyumba zetu ni mizigo ya Dubai na China, biashara ilipofunguliwa. Fremu moja ya duka barazani ikawa inaingiza kuliko vyumba vyote sita. Baraza likazibwa. Kisha akaja mwenye fedha: ninyi mna kiwanja, mimi nina saruji. Wajomba wakasaini wapate ghorofa moja, mama akanuna. Waliuza rahisi, na nimewaambia.

Jengo moja la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, wengi waliulizia nondo. Mimi niliwaza viwanja: ukuta umebana ukuta, mtambo wa kuokolea hauna pa kugeukia.

Hata msiba umekosa nafasi. Zamani maiti alioshwa uani, wanawake wakajaa koridoni, wanaume barazani. Alipofariki mama tulifunga turubai mtaani, wenye fremu wakatuvumilia mpaka saa nne asubuhi. Matanga tukayahamishia Mbagala kwa dada yangu, ambako bado kuna uani.