Don Williams: Jitu Pole Aliyewasaidia Mabuda Wetu Kusema "Nakupenda"

Kama umelelewa Kenya, kuna chansi kubwa unazijua ngoma za Don Williams na hata hujui kama unazijua. Ulizikuta tu. Zilikuwa kwa redio Jumapili mathe akisonga unga wa chapo, kwa gari ya kwenda ushago Disemba, kwa harusi ya anko, na hata kwa matanga. Hakuna mtu alikuuliza kama unazipenda. Halafu siku moja, ukiwa mtu mzima, ngoma inachezwa mahali na unajipata unaimba mistari yote bila kukosea.

Sasa wacha tumbonge huyu mzae vizuri, juu wasee wengi wanajua sauti na hawajui mwenyewe.

Jina kamili ni Donald Ray Williams. Alizaliwa tarehe 27 Mei 1939 huko Floydada, kamji kadogo ka Texas, Marekani. Na hakuanzia kwa kantri. Miaka ya 60 alikuwa kwa kundi linaitwa Pozo-Seco Singers, wakiimba muziki laini wa gitaa, na mwaka wa 1966 ngoma yao moja iliwapa jina kiasi. Baadaye kundi likavunjika. Don akarudi Texas akaingia kwa biashara ya fanicha ya baba mkwe wake.

Hebu simama hapo kidogo. Msee ana bibi, ana watoto, miaka thelathini imefika, ndoto ya muziki imegonga mwamba na anaamka asubuhi kwenda kushughulika na viti na meza. Wengi wetu hapo tungesema stori imeisha. Mimi niliacha chuo nikiwa na miaka 21, kwa hivyo hiyo sehemu ya maisha yake huwa naisoma polepole.

Hakukaa sana kwa fanicha. Alirudi Nashville, na kama hujui, Nashville kwa kantri ni vile Iten ni kwa wakimbiaji. Huko alianza kwa kuandika nyimbo kwa kampuni ya mtayarishaji Jack Clement, akijipanga mos mos. Mwaka wa 1972 akaanza kutoa zake. Mwaka wa 1974 akapata namba moja yake ya kwanza kwa chati za kantri, na alipofunga hesabu alikuwa na namba moja 17. Mwaka wa 1978 CMA, chama cha muziki wa kantri kule Marekani, kilimtaja mwimbaji bora wa kiume. Mwaka huo huo alitoa Tulsa Time, iliyoandikwa na mpiga gitaa wake Danny Flowers, na Eric Clapton, yule gwiji wa roki wa Uingereza, akaipenda hadi akairekodi pia. Halafu 1980 ikakuja I Believe in You, ile ambayo hata mtoto wa chekechea Kenya hii ameskia. Hiyo iliruka ua la kantri ikaingia hadi chati za pop, ikafika namba 24.

Walimpatia jina la utani Gentle Giant, yaani jitu pole, na lilimfaa sana. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu na kofia, na sauti nzito ya chini inayotoka kama mtu anayebonga na wewe kwa kochi. Hakuwa anapiga kelele. Hakuwa anarukaruka. Miaka ya mwisho alikuwa anakaa tu kwa stuli na gitaa lake, anaimba, anatabasamu kidogo, anaenda kwa ngoma nyingine. Skendo? Utatafuta hadi uchoke. Alimwoa Joy Bucher 1960 na wakakaa pamoja hadi kifo. Kwa mastaa wa kantri wa enzi zake, ambao pombe na talaka zilikuwa kama sehemu ya kazi, hiyo ni rekodi yake nyingine.

Sasa kuja Afrika. Mwaka wa 1997 Don Williams alipanda jukwaa Harare, Zimbabwe, na shoo ikarekodiwa na kutoka kama video inaitwa Into Africa. Kama hujawahi kuiona, itafute leo usiku. Unaona mzae na kofia yake ameketi, na mbele yake ni umati wa Waafrika, na wanaimba na yeye. Si ile ya kudandia koro peke yake. Wanaimba beti. Mtu ametoka Texas, ameenda kukutana na watu ambao wameishi na sauti yake miaka nenda miaka rudi.

Kwa nini sisi? Kuna watu hudhani ni mambo ya kuiga wazungu tu, lakini mimi sikubali. Skiza zile ngoma zinabonga nini: mathe, nyumbani, shamba, Mungu, pesa kidogo na mapenzi mengi, mtu ametoka ushago na moyo bado uko huko. Hiyo ni stori ya kila buda aliyekuja Nairobi na begi moja. Ndiyo maana ukienda mugithi usiku, msee wa one-man guitar anaweza toka kwa ngoma ya Kikuyu akaingia kwa Don Williams bila kusimamisha gitaa, na hakuna mtu anashtuka. Tuko hata na mastaa wetu wa hiyo laini, kama Sir Elvis, ambaye amejenga jina lake lote kwa kantri hapa Kenya.

Lakini kuna kitu kingine, na hiki ndicho naona watu hawasemi. Mabuda wetu hawakufunzwa kusema "nakupenda". Walilipa karo, walileta mkate na nyama jioni, wakanyamaza. Jirani yangu mmoja mtaani, mama wa miaka sitini hivi, aliniambia marehemu bwana yake hakuwahi hata siku moja kumwambia hilo neno. Kila Jumamosi alikuwa anaweka kaseti ya Don Williams, anaongeza sauti ikifika ile inaitwa You're My Best Friend, halafu anajifanya anasoma gazeti. "Nilikuwa najua ni mimi anaambiwa," alisema, akacheka.

Wangu alikuwa vivyo hivyo. Nilipomwambia nimeacha chuo hakupiga kelele. Alinyamaza, na kunyamaza kwa buda ni mbaya kuliko kelele. Tulikaa karibu miezi miwili tunasalimiana kama wageni wa lojing. Jumamosi moja nikasikia akiita kutoka sitting room. Tepu ilikuwa imekwama kwa redio yake ya zamani na imetoka nje kama tambi. Akanipatia kaseti na kalamu ya Bic bila kusema kitu. Nikaketi kando yake nikazungusha, mos mos, hadi tepu yote ikarudi ndani. Akaiweka, akabonyeza. Ilikuwa Don. Tukaskiza upande wote wa kwanza, akageuza, tukaskiza wa pili. Ikiisha akaniuliza kama nimekula.

Mzae mwenyewe alitangaza kustaafu Machi 2016. Jina lake lilikuwa limeingia kwa Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kantri tangu 2010, kwa hivyo hakubaki na deni. Alifariki tarehe 8 Septemba 2017 huko Mobile, Alabama, akiwa na miaka 78. Kama unakumbuka, Kenya ilikuwa inachemka. Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais wiki moja tu kabla, na kwa simu yangu kila mtu alikuwa anatukana kila mtu. Halafu hiyo wikendi ikaingia picha ya msee na kofia. Watu niliojua wako mirengo tofauti kabisa, wale wa kutusiana usiku kucha, wote wameweka ngoma ile ile.

Ile video ya Harare nilimwonyesha buda kwa simu mwaka uliofuata. Alikuwa hajui iko. Alivaa miwani, akashika simu na mikono miwili kama sahani ya supu, akatazama ule umati ukiimba.

"Hawa wote wanajua maneno?"

Nikamwambia ndio.

Akanirudishia simu. "Anzisha tena kutoka mwanzo."