Pasi ya Reli ya Japani na Hesabu Zake

Pasi ya Reli ya Japani ilianza kuuzwa Mei 1981. Iliyoianzisha ni Shirika la Reli la Taifa, ambalo Wajapani waliliita kwa kifupi Kokutetsu, na masharti yake hayakuwa magumu: mgeni aliyeingia nchini kutalii alilipa mara moja, kisha akapanda treni za shirika kwa siku 7, 14 au 21 bila kukata tiketi nyingine. Pasi haikuuzwa ndani ya Japani. Mgeni aliilipia akiwa bado kwao, akapewa hati, na alipofika aliibadilisha kwenye kituo kikubwa cha reli, karani akikagua muhuri wa uhamiaji kwenye pasipoti yake. Tangu wakati huo wasafiri wamekuwa wakiulizana kama pasi hiyo inalipa. Jibu limegeuka zaidi ya mara moja, na mara nyingi kilichosababisha ni mambo ya reli yenyewe, si ratiba ya msafiri.

Wazo halikuwa geni. Reli za Ulaya zilikuwa na Eurailpass tangu 1959, nayo iliuzwa kwa watu wasioishi Ulaya. Kokutetsu, hata hivyo, lilikuwa na sababu zake. Shinkansen ya kwanza, kati ya Tokyo na Osaka, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki, na dunia ikashangilia. Mwaka huohuo vitabu vya shirika vilianza kuonyesha hasara, na hasara hiyo haikukoma tena. Mwaka 1976 nauli zilipandishwa kwa mkupuo, karibu asilimia 50, na abiria wengi wakahamia kwenye ndege na magari yao. Treni ziliendelea kwenda na viti vitupu. Kiti kitupu hakimpunguzii mwenye reli gharama ya umeme wala mshahara wa dereva, kwa hiyo senti yoyote inayopatikana kwacho ni faida. Ndiyo maana miaka hiyohiyo ilizaa tiketi nyingine za aina hii kwa Wajapani wenyewe: mwaka 1981 ikaja pasi ya wanandoa ambao umri wao ukijumlishwa unafika miaka 88, na mwaka 1982 tiketi ya Seishun 18, ya treni za kawaida tu wakati wa likizo, ambayo licha ya jina lake la ujana haina sharti la umri. Pasi ya wageni ilitoka kwenye jiko hilohilo, ikiongezewa faida ya fedha za kigeni.

Unafuu wake hauonekani mpaka ujulikane muundo wa nauli za Japani. Msomaji aliyezoea tiketi moja ya basi la mkoani atashangaa kwamba anayepanda Shinkansen hulipia vitu viwili. Kwanza ni nauli ya msingi, inayopigwa kwa kilomita. Pili ni ada ya mwendokasi, inayoongezeka iwapo kiti kimewekwa nafasi mapema. Tokyo hadi Kyoto ni kilomita 513 na ushei. Baada ya kodi ya mauzo kupanda mwaka 2019, nauli ya msingi ya safari hiyo ilikuwa yeni 8,360 na ada ya mwendokasi, bila kuweka nafasi, yeni 4,960; jumla yeni 13,320. Pasi ilifuta yote mawili, pamoja na malipo ya kuweka nafasi.

Kilichoipa pasi umaarufu, hata hivyo, ni thamani ya sarafu. Kabla ya makubaliano ya Plaza ya Septemba 1985, ambayo mataifa tajiri yaliafikiana kushusha thamani ya dola, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takriban yeni 240. Kufikia mwisho wa 1987 ilikuwa kama yeni 120. Nauli ya treni, hata bila kuongezwa yeni moja, ikawa imepanda maradufu kwa mtu mwenye dola mfukoni. Japani ikajijengea sifa ya kuwa nchi ghali, na pasi ikawa kimbilio la mgeni aliyetaka kutoka nje ya Tokyo. Bei ya pasi nayo ilitajwa kwa yeni, kwa hiyo ilipanda pamoja na vingine. Lakini gharama ya kulipwa mara moja, iliyojulikana kabla ya kuondoka nyumbani, ilipunguza hofu ya mfuko.

Tarehe 1 Aprili 1987 Kokutetsu lilivunjwa. Lilikuwa na madeni ya takriban yeni trilioni 37. Mahali pake zikaja kampuni sita za abiria, zinazoitwa JR, kila moja na eneo lake, pamoja na moja ya mizigo. Pasi ingeweza kufa siku hiyo. Ilibaki kwa sababu kampuni zote sita zilikubali kuiuza kwa pamoja, nayo ikawa miongoni mwa vitu vichache ambavyo mgeni angeweza kuviona bado vikiwa vya taifa zima. Lakini mwenye mali sasa alikuwa mwingine. Kampuni ya JR ya kati, inayomiliki njia ya Tokyo hadi Osaka, haina shida ya viti vitupu. Njia yake ni miongoni mwa zenye abiria wengi kuliko zote duniani kwa treni za mwendokasi. Hoja ya 1981 ilikuwa imepoteza nguvu pale ambapo wageni wengi walitaka kusafiri.

Dalili ya kwanza ilionekana mwaka 1992, ilipoanza treni ya Nozomi, iliyofika Osaka kwa saa mbili na nusu. Pasi haikuruhusiwa humo. Mwanzoni Nozomi zilikuwa chache na katazo halikumsumbua mtu. Miaka ikapita, Nozomi zikaongezwa, nyingine zikapunguzwa, mpaka saa za msongamano zikawa zinaweza kuondoka Nozomi 12 kwa saa dhidi ya 2 za Hikari, treni ya polepole kidogo ambayo pasi iliiruhusu. Mwenye pasi alisimama jukwaani akihesabu treni zinazompita, ingawa aliyekuwa na subira alifika Kyoto kwa Hikari akiwa amechelewa chini ya nusu saa tu.

Bei, kwa upande mwingine, ilikuwa imelala. Pasi ya kawaida ya siku 7, iliyouzwa yeni 28,300 mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilifika 29,110 mwaka 2014 na 29,650 mwaka 2019, na nyongeza hizo zilifuata kodi ya mauzo tu. Hicho ndicho kipindi ambacho hesabu yake iliweza kufanywa kwa vidole. Kwenda Kyoto na kurudi Tokyo kulikaribia bei ya pasi. Ukiongeza treni ya uwanja wa ndege wa Narita au safari ya Hiroshima, pasi ilikuwa imeshalipa na kubakiza. Wakati huohuo wageni, ambao mwaka 2003 walikuwa takriban milioni 5, walipita milioni 31 mwaka 2019. Wajapani waishio nchini hawakuruhusiwa kuinunua, na mwaka 2017 hata wale wanaoishi ng'ambo waliwekewa sharti la kuthibitisha kwamba wamekaa huko miaka 10 au zaidi.

Tarehe 1 Oktoba 2023 bei ya siku 7 ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000; ya siku 14 kutoka 47,250 hadi 80,000; ya siku 21 kutoka 60,450 hadi 100,000. Kampuni zilitaja mtandao uliokua, ununuzi wa mtandaoni na malango ya kujihudumia. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazieleweki vizuri bila kukumbuka viti vitupu vya 1981, ambavyo havikuwapo tena. Yeni ilikuwa imeshuka pia: kwa dola 1 kuwa yeni 110 mwaka 2019 na takriban yeni 150 Oktoba 2023, nyongeza ya karibu asilimia 70 ikawa kama robo tu kwa mwenye dola. Faraja hiyo ni ndogo, kwa kuwa tiketi za kawaida nazo zilimshukia bei mgeni huyohuyo, na pasi hushindana na tiketi, si na dola.

Matokeo yake ni makali. Safari ya Tokyo hadi Hiroshima na kurudi haikufika yeni 40,000. Hata kwenda Fukuoka, zaidi ya kilomita 1,000 kila upande, na kurudi kwa Nozomi yenye kiti cha nafasi, hakukufika yeni 50,000 kwa nauli za wakati huo. Nozomi sasa inaruhusiwa kwa mwenye pasi, ila kwa malipo ya ziada, ambayo kati ya Tokyo na Kyoto ni yeni 4,960, sawa na ada ileile ya mwendokasi ambayo pasi ilipaswa kuifuta. Wanaobaki kunufaika na pasi ya siku 7 ni wale wanaosafiri masafa marefu mara kwa mara.

Nafasi yake imechukuliwa na pasi za mikoa, ambazo kila kampuni huzitumia kupeleka watu kwenye njia zisizojaa. Pasi ya kutoka Tokyo hadi Osaka kupitia Kanazawa, upande wa Bahari ya Japani, iliuzwa yeni 24,500, na Machi 2024, Shinkansen ilipofikishwa Tsuruga, ikawa 30,000. Inaweza kumfaa anayezunguka upande huo. Haimfai anayetaka Kyoto tu, wala haifungui treni za kampuni binafsi kama Hankyu au Kintetsu.

Kyoto yenyewe ilienda mbali zaidi. Pasi ya mabasi ya siku nzima, iliyouzwa yeni 500 kwa miaka mingi huku nauli ya safari moja ikiwa imefika 230, ilijilipa kwenye safari ya tatu. Ilijaza mabasi mpaka wakazi wakakosa nafasi ya kupanda. Ikapandishwa hadi 600 mwaka 2018, kisha 700, na mauzo yake yakasimamishwa mwisho wa Septemba 2023. Iliyobaki ni ya mabasi na treni za chini ya ardhi pamoja, kwa yeni 1,100, inayojilipa kwa basi kuanzia safari ya tano.